Visu Vilivyonyimwa Makali

Kwii. Kwap.

Ilikuwa droo ya jikoni, na kulikuwa bado hakujapambazuka. Mshonaji alikuwa amelala ubavu, macho wazi, kiganja chake kikiwa juu ya mahali alipokuwa amelala mume wake dakika chache zilizopita. Shuka lilikuwa bado na joto lake.

Kwii. Kwap.

Akahesabu kimoyomoyo, kama alivyokuwa akihesabu kila alfajiri kwa miezi minne. Tatu. Nne. Droo ile ilinunuliwa iwe ya visu, vijiko na uma, lakini siku hizi ilikuwa na vijiko tu. Visu vilitoweka kimoja kimoja, kama wageni wanaoondoka harusini bila kuaga. Tano. Sita. Saba.

Kimya. Kisha nyayo za miguu mitupu zikaja ukumbini, taratibu, zikasimama mlangoni. Hazikuingia.

"Uko mzima?" sauti ya mume wake iliuliza.

"Niko mzima."

"Uko mzima kweli?"

"Niko mzima, mume wangu."

Akasikia pumzi zake zikipanda na kushuka. Akajua swali la tatu linakuja, lile jipya, lililoanza juma lililopita na kumwondolea usingizi.

"Sijakufanya kitu?"

"Hujanifanya kitu."

Ilimbidi ajibu kwa sauti ileile, bila kukohoa, bila kucheka. Angekosea, mume wake angerudi jikoni kuanza upya. Alijibu vizuri. Mume wake akaingia kitandani, akajibanza ukutani, akaweka mikono yake yote miwili chini ya mgongo wake na kuilalia, kama mtu anayemlalia mwizi asikimbie.

Mtaa mzima ulimwita Cheche kwa sababu ya cheche zilizokuwa zikiruka kwenye jiwe lake la kunolea. Alikuwa mnoaji wa visu na mikasi, na hivyo ndivyo walivyojuana. Mshonaji alimpelekea mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ule aliourithi kwa mwalimu wake wa ushonaji. Alipoufuata aliukuta umefungwa kwenye kipande cha mahameli, na kijana mrefu mwenye masizi puani amesimama kumngoja aujaribu.

"Usipokata sawasawa, urudishe kesho," kijana alisema.

Ulikata kama maji. Kesho yake akaurudisha vilevile.

"Una kasoro gani?" aliuliza kijana.

"Hauna kasoro. Umesema nirudi kesho, nimerudi."

Kijana yule alicheka mpaka akaegemea jiwe lililokuwa bado linazunguka, akachubuka kiwiko. Kovu lilikuwapo mpaka leo, na mshonaji alilipenda kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake.

Mwanzoni mwa ndoa, maswali yale aliyaona ni mahaba. Nani asingependa kuamshwa kwa kuulizwa hali? Aliwasimulia wateja wake huku amebana pini midomoni, "Wenzangu mnaamshwa na kelele za majirani, mimi naamshwa na 'uko mzima?'" Wakamwonea kijicho. Mmoja alisema yeye hata akianguka kisimani, mume wake atamuuliza kwanza chakula kiko wapi.

Lakini mahaba hayamfanyi mtu akonde. Mahaba hayamfanyi mume akatae kukaa nyuma ya mke wake, wala kukwepa kuingia chumba chenye mkasi. Na huko kibandani kwake wateja walianza kulalamika. Kinyozi alirudisha mikasi miwili. Muuza nyama alirudisha panga. "Mnoaji gani huyu?" aliuliza muuza nyama mbele za watu. "Kisu kinaingia kinakata, kinatoka hakikati!"

Mshonaji aliyasikia hayo akanyamaza. Mke mwema husitiri. Ila alfajiri ile, akisikiliza pumzi za mtu aliyelala juu ya mikono yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza alijikuta akijiuliza: mikono ile inataka kufanya nini hata izuiwe hivyo?

*

Shangazi yake, aliyemlea yeye na kaka yake tangu wazazi wao walipofariki, alifika saa nne asubuhi kumsaidia kutia vifungo sare za shule. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Hakuwahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Siku hiyo alibeba mkate mkubwa na mafungu mawili ya machungwa.

"Kisu kiko wapi nikate mkate?"

"Umege tu, shangazi."

"Nimege? Mimi kuku?" Shangazi akafungua droo. Akatazama vijiko. Akafungua kabati. Akainama chini ya sinki, akasogeza ndoo, akapapasa nyuma ya pipa la maji. "Na hiki kifurushi ni nini?"

Mshonaji alisimama, uzi ukamdondoka. Lilikuwa shati jeupe alilovaa Cheche siku ya ndoa yao, limeviringishwa na kufungwa kwa waya, mafundo matatu. Shangazi alihangaika nayo mpaka yakafunguka. Visu vikamwagika sakafuni kwa kishindo. Kumi na moja, na katikati yao mkasi mkubwa wa mshonaji, ambao Cheche alimwambia ameupeleka kwa mwenzake kuurekebisha msumari.

Shangazi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Aliketi polepole juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mwanangu," alisema, "huyu mtu anakupiga?"

"Hajawahi kuninyanyulia hata sauti."

"Anakuambiaje akiamka?"

Mshonaji alisita. Kisha akasema yote, kwa kuwa mtu aliyekulea ukimficha jambo huwezi tena kumtazama usoni. Alipofika kwenye *sijakufanya kitu*, shangazi alishika mdomo.

"Penye moshi, mwanangu. Penye moshi." Akatoa simu kwenye pindo la nguo yake. "Hallo? Dereva? Geuza lori. Ndiyo, sasa hivi. Njoo kwa dada yako."

*

Cheche aliporudi kula mchana aliwakuta wote watatu sebuleni. Visu vilikuwa juu ya meza, juu ya shati la ndoa. Alipoviona aliruka nyuma kama aliyekanyaga makaa, akaegemea ukuta, mikono nyuma ya mgongo.

Kaka yake mshonaji, dereva wa malori, alikuwa mtu wa maneno machache na kifua kipana. Hakusimama.

"Shemeji. Hivi ni vya nini?"

"Vya nyumbani."

"Nani alivificha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Cheche alimtazama mke wake. Mtazamo ule mshonaji hatausahau hata akizeeka: macho ya mtu aliye ng'ambo ya mto uliofurika, anayemwona mtu wake na hawezi kuvuka.

"Ili nisimdhuru," alisema.

Shangazi akaachia uyowe mdogo. Dereva akasimama, kiti kikaanguka.

"Umesemaje?"

"Inanijia kichwani," Cheche alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Inanijia kwamba nitamchoma. Akiwa ameniinamia, akiwa amenipa mgongo. Sitaki. Naapa sitaki. Lakini inakuja, na ikija siwezi kujua kama... Shemeji, mchukue. Mchukue leo, kabla jua halijazama."

"Unanifukuza?" mshonaji aliuliza. Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Nenda, mke wangu."

"Nimekuuliza. Unanifukuza?"

"Nataka uwe mzima," alisema Cheche, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa bado nyuma ya mgongo.

Dereva aliibeba cherehani begani, akaifunga ndani ya lori kwa kamba mbili na kuiwekea godoro isije ikagongwa. Hata katika hasira aliijali kazi ya dada yake. Mshonaji aliponyanyua kifuniko cha cherehani kuhakikisha bobini ya uzi ipo, aliona mafuta mapya kwenye vyuma. Kuna mtu aliipaka jana. Kwa miezi miwili Cheche alikuwa haingii chumba cha kushonea mkasi ukiwamo. Alingoja mpaka mkasi uondoke, ndipo akaingia kupaka mafuta cherehani ya mke wake.

"Panda," alisema kaka. "Ijumaa wazee wanakutana. Tunalimaliza."

"Kumaliza nini, kaka?"

"Ndoa. Au unataka tukumalizie mazishi?"

Lori lilipopinda kona aligeuka. Mlango wa nyumba yao ulikuwa umefungwa tayari. Alijua kwamba nyuma yake kuna mtu anafungua droo tupu, mara saba, na hakuna wa kumjibu.

*

Kwa shangazi alipewa chumba kile alicholala akiwa msichana. Shangazi alimletea chai, akamtupia blanketi la pili miguuni bila kuulizwa, akalaani wanaume wote waliozaliwa na watakaozaliwa, kisha akaenda kulala.

Dereva alikileta kifurushi kiwe ushahidi mbele ya wazee. Kilikuwa juu ya kabati. Mshonaji alikitazama muda mrefu. Hatimaye alikishusha.

Alianza na mkasi wake. Mshonaji haujui mkasi kwa macho, huujua kwa kidole gumba. Akapitisha gumba kwenye ukingo, polepole, akitazamia makali.

Hapakuwa na makali.

Akapitisha tena. Ukingo ulikuwa wa mviringo, laini kama ukingo wa kikombe. Akachukua kisu cha mkate: butu. Kisu cha nyama: butu. Vyote kumi na moja. Wala havikubutuka kwa kutumika. Vilisuguliwa kwa jiwe, kwa utulivu, ukingo mzima sawasawa kutoka mpini mpaka ncha, na kila ncha imeviringishwa. Ilikuwa kazi safi ya fundi. Ilikuwa kazi ya siku nyingi.

Akamwendea shangazi, akamwamsha.

"Shangazi, shika hiki."

"We mtoto! Unaniletea kisu kitandani?"

"Shika makali."

Shangazi alishika, akiwa amekunja uso. Akashika tena.

"Hakikati."

"Vyote havikati. Shangazi, mtu anayetaka kuua hunoa. Huyu mnoaji mzima, amekaa kunyima visu makali."

Shangazi alikaa kitandani, nywele zimemsimama upande mmoja. "Sasa huo ni wazimu gani?" aliuliza, lakini kwa upole kuliko mwanzo.

"Sijui. Ila namjua anayejua."

*

Mshonaji alikuwa na mteja, muuguzi wa makamo kwenye wodi ya afya ya akili, aliyependa sare zake ziwe na mifuko minne kwa sababu, alisema, wagonjwa humpa siri nyingi na hana pa kuziweka. Asubuhi mshonaji alitia kifurushi kapuni, akaenda.

Askari wa getini akafungua kapu. Akatazama visu. Akamtazama yeye.

"Mama, umekuja kutibiwa au umekuja kututibu?"

"Ni butu, mwanangu. Jaribu."

Askari alijaribu kimoja kwenye kipande cha katoni, kikakataa. "Hiki hata siagi kitaiomba radhi," alisema. Akaliweka kapu kwenye kabati lake, akampa risiti, akamsindikiza mwenyewe mpaka mlango wa wodi.

Muuguzi alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho alivua miwani.

"Siwezi kumpima mtu kwa visu vyake," alisema. "Mlete nimsikie kwa kinywa chake. Nisikudanganye, mgonjwa mwenye mawazo ya kudhuru lazima achunguzwe vizuri. Lakini mlete leo. Asilale peke yake na jambo hili."

Cheche alikubali kuja. Alitembea hatua kumi mbele yake njia nzima, ili asiwe nyuma ya mgongo wake. Watu waliowaona walidhani wamegombana.

Chumbani muuguzi aliuliza maswali ambayo mshonaji asingethubutu. Amewahi kumpiga mtu? Hapana. Anasikia sauti zinazomwamuru? Hapana, ni mawazo yake mwenyewe, ndiyo maana yanamtisha. Anapata raha akiwaza hivyo? Cheche alimtazama kama aliyetukanwa.

"Raha? Mama, natapika."

"Wazo hilo lilianza lini?"

"Siku niliyomaliza kunoa mkasi wake. Alikuwa amekaa anashona, amenipa mgongo, nywele amezibana juu. Nikaona shingo yake. Nikasema moyoni, nilivyompenda huyu! Hapohapo wazo likaja: je, ukimchoma? Nikaudondosha mkasi. Tangu siku hiyo." Akafuta uso kwa bega. "Nani anawaza hivyo kwa mtu anayempenda?"

"Mimi," alisema muuguzi.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nilikuwa nimembeba mjukuu wangu, ghorofa ya tatu, dirishani. Wazo likaniambia, mtupe. Nikaliambia, hebu toka hapa, nikaendelea kumwimbia. Mawazo machafu humpita kila mtu, mwanangu, kama mbwa koko anavyopita uani. Wengi hatumjali, anapita. Wewe ulifunga milango yote, ukamhesabia nyayo, ukamuuliza mkeo kama ameng'atwa. Mbwa akaona hapa anatafutwa, akalala mlangoni."

"Kwa hiyo sitamdhuru?"

Muuguzi alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Ona, umeanza. Nimekuchunguza, na ninachokiona si mtu mwenye nia ya kuua. Ninaona ugonjwa wa mawazo na matendo ya kushurutisha. Unakuletea wazo linalokuumiza kuliko yote, na kwa kuwa hakuna unachokipenda kama mkeo, ukakushikia hapo. Kisha unakulazimisha ufanye jambo ili upoe: droo mara saba, maswali matatu. Nitakuambia haya leo mara moja tu. Ukiniuliza tena kesho kama utamdhuru, sitakujibu."

"Kwa nini?" mshonaji aliuliza. "Jibu si linamtuliza?"

"Linamtuliza kwa muda gani?"

Mshonaji alifikiri. "Zamani kutwa nzima. Siku hizi... dakika chache."

"Na wewe hujibu kila mara?"

"Kila mara. Mara tatu. Kwa sauti ileile."

Muuguzi alimgeukia Cheche. "Fundi, kisu ukikigusisha jiwe kinakuwaje?"

"Kinanoleka."

"Na ukikigusisha tena na tena?"

Cheche alikuwa amemtazama mke wake, na mke wake alikuwa ameelewa kabla yake.

"Mimi ndiye jiwe," alisema mshonaji. Machozi yakamjaa. "Mama, mimi nilidhani namsaidia. Niliamka kila alfajiri kumjibu. Nilijizuia hata kukohoa!"

"Najua."

"Sikujua!"

"Ungejuaje? Ulikuwa unampenda." Muuguzi akatoa kitambaa katika mfuko wa tatu wa sare, akampa. "Sasa utampenda kwa kunyamaza. Itakuuma kuliko kujibu."

*

Dawa zilikuwapo, kidonge kimoja kila asubuhi, na muuguzi aliwaonya kwamba huenda zikachukua wiki nyingi kabla hazijaonyesha kitu. Na palikuwa na ngazi. Muuguzi aliichora kwenye karatasi, Cheche mwenyewe akaandika vidato vyake, kutoka chenye hofu ndogo hadi chenye hofu kubwa. Chini: kuandika neno kisu, na kukaa nalo. Kisha kushika kisu butu. Kisha kunoa kimoja. Kisha kukata nyanya mke wake akiwa chumba hichohicho. Kila kidato akipande bila kuuliza, bila kuhesabu, mpaka hofu ichoke yenyewe. Kidato cha juu kabisa alikiandika kwa herufi ndogo sana, na hakutaka mshonaji akisome.

Wazee walikutana Ijumaa kama ilivyopangwa. Dereva alisimama, akaweka kisu butu mbele yao, akasema, "Nilikuja kuomba tuivunje. Naomba miezi mitatu." Akakaa. Dada yake hakuthubutu kumshukuru hadharani.

Lakini shangazi aliweka masharti. Mshonaji atalala kwake. Atamtembelea mumewe mchana tu, kibandani, na kaka yake mlangoni. Muuguzi alisema hapakuwa na haja. Shangazi akasema haja anaijua aliyelea.

Wiki zilikuwa nzito. Siku nyingine Cheche alikata nyanya nzima, akatabasamu. Siku nyingine alitupa kisu, akakimbia mpaka barabara kuu, akarudi baada ya saa nzima amelowa jasho. "Uko mzima?" aliuliza siku hiyo, kwa kusihi. "Niambie tu mara moja. Mara ya mwisho." Mshonaji alibana midomo kama amebana pini, akaondoka bila kumjibu. Alilia njia nzima, na Dereva akatembea upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie.

"Siku moja tutaletewa habari," shangazi alisema usiku ule. Hakusema habari gani. Mshonaji aliota mafundo matatu ya waya.

*

Siku ya kidato cha juu, wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati. Kibanda kilikuwa na giza la saa kumi na mbili ilhali ilikuwa saa nane mchana. Dereva alikuja nyuma ya dada yake, na kabla hajakaa mlangoni alitoa gazeti lililoviringishwa mfukoni.

"Usinitazame hivyo, shemeji, mimi mchukuzi tu," alisema. "Ni kisu cha shangazi. Anasema hakikati. Anakitaka Jumamosi, na anasema ukikiharibu atakuja mwenyewe."

Cheche alikipokea kwa mikono miwili. Muda mrefu hakuna mteja aliyemletea kisu. Alikiweka rafuni taratibu kama anaweka yai.

Kisha akashusha mkasi mkubwa. Alimaliza kuunoa jana, wiki nzima alikuwa akiunoa kidogo kidogo. Aliukatisha hewani mara moja, na sauti yake ikawa ileile ya siku ya kwanza: *shwaa*.

Mshonaji aliketi kwenye kigoda, akampa mgongo. Alikuwa amebana nywele juu. Kwenye ukosi wa blauzi yake aliacha makusudi uzi mmoja unaning'inia, hapo shingoni, kama muuguzi alivyoagiza.

Dereva alikunja mikono mlangoni. Mshonaji aliona mishipa ya shingo ya kaka yake, akajua anahesabu hatua kati yake na mkasi.

Nyuma yake jiwe la kunolea lilikuwa linamalizia kuzunguka, likipunguza, likipunguza, mpaka likasimama. Ngurumo ikapita mbali.

Alisikia hatua moja. Alisikia pumzi. Akaona aibu kwa kuwa vinyweleo vilimsimama, na moyo ukamwambia kimbia, we mwanamke, shangazi yako si mjinga. Akaliacha wazo lipite. Hakulifungia mlango wala hakulikaribisha. Akashika magoti yake, akabaki.

Chuma baridi kiligusa shingo yake.

Kikakaa hapo. Kikakaa muda ambao Dereva alishindwa kuuvumilia. Alinyanyuka nusu, dada yake akamtazama, akaketi tena. Mkasi ulitetemeka juu ya ngozi. Mshonaji alisikia meno ya mume wake yakigongana.

*Shwaa.*

Uzi ukaanguka mapajani mwake. Uzi tu.

Muuguzi aliwaonya kwamba hapa ndipo pagumu, baada ya kukata, si kabla. Mkasi ukawekwa juu ya benchi. Mshonaji aligeuka polepole. Mume wake alikuwa amesimama amelowa jasho, midomo imekwisha kufunguka kwa ajili ya lile swali. Aliliona limesimama kwenye meno yake. Uko mzima? Angeweza kumjibu kwa kope tu. Angeweza kutabasamu, na tabasamu lingekuwa jibu. Akaukaza uso wake, na hakuna kazi nzito aliyowahi kuifanya kama ile.

Dakika zikapita. Mvua ikaanza kugonga bati, tone moja moja, kisha kwa pamoja. Cheche aliitazama mikono yake. Hakuificha nyuma ya mgongo. Akameza mate, mara moja, mara mbili, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, na mshonaji akaona koo lake likilipeleka swali lile chini.

Kisha akafungua kinywa tena.

"Kesho," alisema kwa sauti nyembamba, "utakuja tena?"

Hilo lilikuwa swali asilokatazwa kulijibu.